Sarafu za fedha za Hungaria: sauti ya mfalme au alama ya kodi?

Wanaoziona sarafu za Hungaria ya zama za kati kama tangazo la mfalme wana ushahidi mzito. István wa Kwanza, mfalme wa kwanza wa Hungaria, aliyetawazwa mwaka 1000 au 1001, alitoa dinari, sarafu ndogo ya fedha, isiyo na sura yake kabisa. Upande mmoja, mkono unachomoza mawinguni umeshika mkuki wenye bendera, na maneno ya Kilatini LANCEA REGIS, mkuki wa mfalme. Upande wa pili kuna jengo mfano wa kanisa, na REGIA CIVITAS, mji wa kifalme. Kwenye joho lililotariziwa mwaka 1031 pia, István anaonekana na mkuki mkononi. Nchi ndiyo kwanza inaingia Ukristo, na mtawala anawaambia watu kwamba mamlaka yake yametoka juu. Kuiita picha hiyo pambo tu ni kuidharau.

Lakini ukifika karne ya 12 hoja hiyo inalegea. Dinari ni vipande vidogo vyembamba, nyingi hazina hata jina la mfalme: misalaba, nyota, miezi, vitone. Chanzo ni mapato. Hazina ilitoa sarafu mpya kila mwaka na kuwalazimisha watu kubadilisha za zamani kwa hasara, mara nyingi tatu za zamani kwa mbili mpya. Ili ya mwaka huu isichanganywe na ya mwaka jana, mchoro ulibidi ubadilike. Kero ilikuwa kubwa kiasi kwamba katika Hati ya Dhahabu ya 1222, hati ya kifalme ya kulinda haki za wakuu, Mfalme András wa Pili aliahidi sarafu mpya idumu Pasaka hadi Pasaka, na iwe na ubora wa zama za Mfalme Béla, baba yake.

Kwangu mimi, Károly Róbert, mfalme wa Hungaria wa karne ya 14, ndiye anayeupima mjadala huu vizuri. Mwaka 1329 alianza kutoa groshi, sarafu za fedha kubwa kuliko dinari, kwa kuiga zile za Praha: mfalme ameketi kwenye kiti cha enzi, na nyuma ngao yenye milia ya Hungaria na mayungiyungi ya ukoo wake wa Anjou. Ni huyohuyo aliyekomesha ubadilishaji wa kila mwaka na kuweka kodi ya kaya badala yake. Sidhani mambo hayo mawili yalikutana kwa bahati. Sura ya mfalme haiwezi kuzoeleka kwa watu ikiwa inafutwa kila Pasaka. Mfalme Mátyás Hunyadi wa karne ya 15 alipoweka Bikira Maria na Mtoto kwenye dinari zake, baada ya mageuzi yake ya fedha, picha hiyo ilibaki hata chini ya wafalme wa Habsburg, ukoo wa Austria.