Niachieni kemia, ondoeni hesabu ya saa

Pre-med, yaani maandalizi ya kuomba chuo cha udaktari, si kozi. Nalisema mapema kwa sababu nyumbani wengi wanajua nasomea udaktari, na shangazi akipiga simu hawezi kuanza mazungumzo bila "daktari wetu, hujambo?" Nimeshaacha kumsahihisha. Hapa Marekani, ukiacha programu chache zinazounganisha shahada mbili, hakuna anayesomea udaktari katika shahada ya kwanza. Unasoma unachotaka, iwe biolojia, uchumi au muziki, na pembeni unabeba mzigo wa masomo ambayo vyuo vya udaktari vinayadai: biolojia, kemia ya kawaida, kemia ogania, fizikia, baiokemia, na mara nyingi hisabati au takwimu. Kwetu aliyepasua PCB (fizikia, kemia na biolojia) anatoka kidato cha sita anaingia chuo cha tiba. Huku unamaliza kwanza miaka minne, ndipo uombe mingine minne, na hakuna aliyekuahidi kwamba utapewa. Miaka ya karibuni vyuo vya MD, yaani vinavyotoa shahada ya udaktari, vimekuwa vikipata waombaji zaidi ya 50,000 kwa mwaka, na wanaoanza masomo ni kama 23,000.

Kwa hiyo pre-med ni hali ya kusubiri huku unahesabiwa.

Hali hiyo haikuanza jana. Johns Hopkins ilipofungua chuo chake cha udaktari mwaka 1893 ilidai mwombaji awe na shahada kwanza, wakati ambapo vyuo vingi vilimpokea yeyote mwenye ada mkononi. Mwaka 1910 Abraham Flexner, mwalimu ambaye hakuwa daktari, alitoa ripoti yake kwa Wakfu wa Carnegie baada ya kukagua vyuo 155 vya Marekani na Kanada, na Hopkins ndiyo aliyoifanya kipimo. Vyuo vya ovyo vikafungwa kwa wingi, na wagonjwa wakaokolewa kutoka mikononi mwa matapeli. Lakini kati ya vyuo saba vya udaktari vya Wamarekani Weusi vikabaki viwili tu, Howard na Meharry. Mlango huu tangu siku ya kwanza umekuwa ukifanya kazi mbili kwa pamoja, na mpaka leo ukiutazama vizuri utaziona zote mbili.

Sasa, kaa na wanafunzi wa pre-med dakika kumi, utasikia lawama zote zinaangukia somo moja: kemia ogania. Ndiyo machinjio, wanasema, ndiko wanakobadilishia ndoto. Maoni yangu ni tofauti na najua hayatanipatia marafiki. Kwangu mimi kemia ogania ndiyo sehemu yenye haki kuliko zote katika safari hii.

Chukua mmenyuko mmoja tu, ule unaoitwa SN2. Una atomu ya kaboni iliyoshikana na vitu vinne, kimojawapo bromini. Inakuja nyukleofili, yaani chembe yenye elektroni za kugawa, inataka kukaa mahali pa bromini. Haiwezi kupitia mbele kwa sababu bromini imeziba. Inaingilia mgongoni, bromini inasukumwa nje, na vile vitatu vilivyobaki vinageukia upande wa pili kama mwavuli uliopinduliwa na upepo. Ukilielewa hilo huna haja ya kukariri. Utaletewa molekuli ambayo hujawahi kuiona, utachora mishale yako ya kuonyesha elektroni zinakokwenda, na utajua itatoka imeelekea wapi. Na kuelekea wapi si mchezo wa wasomi: levodopa wanayopewa wagonjwa wa Parkinson ni umbo moja tu kati ya mawili yanayofanana kama kitu na taswira yake kwenye kioo. Aliyepiga msuli kwa kukariri anaumbuka siku ya mtihani. Aliyeelewa anapita. Karatasi ile haimjui baba yako.

Mwaka 2022 Chuo Kikuu cha New York kiliachana na Profesa Maitland Jones Jr., mwandishi wa kitabu cha kiada cha somo hilohilo, baada ya wanafunzi 82 kati ya kama 350 kusaini barua wakilalamika kwamba alama zao haziendani na juhudi zao. Barua yenyewe haikuomba afukuzwe. Nchi ikagawanyika: wengine wakasema vijana wamedekezwa, wengine wakasema mzee amepitwa na wakati. Mimi nilichokiona ni kwamba hawakuwa wakigombania kemia, walikuwa wakigombania GPA, yaani wastani wa alama, na ukijua GPA ina uzito gani huwezi kuwacheka. Anayeingia chuo cha udaktari kwa kawaida ana kama 3.8 kati ya 4.0. Na huku hakuna supu, ule mtihani wa marudio, ya kukuokoa. Ukipata D, ukarudia somo ukapata A, AMCAS, ambao ndio mfumo wa pamoja wa maombi, unazihesabu zote mbili. Halafu unakokotoa GPA zaidi ya moja: ya jumla, na nyingine ya biolojia, kemia, fizikia na hisabati peke yake, ili usije ukajificha nyuma ya A za masomo mepesi.

Hoja ya upande wa pili naijua, na ni nzito. Chuo cha udaktari cha Mount Sinai, hukohuko New York, kilianzisha mwaka 1987 programu iliyochukua wanafunzi wa fasihi, historia na fani nyingine za namna hiyo bila MCAT, yaani mtihani wa kuombea vyuo vya udaktari, na bila kuwapitisha kwenye mwaka mzima wa kemia ogania. Yaliyohitajika walifundishwa kwa ufupi majira ya kiangazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ukaonyesha kwamba walifanya vizuri sawasawa na wenzao waliopita njia ndefu. Basi daktari anapatikana bila ile mishale, nakubali. Siitetei kemia kwa kuwa daktari ataitumia wodini, wengi wataisahau. Naitetea kwa sababu inakwambia waziwazi inataka nini kwako.

Kisichokwambia ni hivi vingine vyote.

Fomu ya AMCAS ina nafasi 15 za shughuli. Kila shughuli unaandika saa ulizotumia na maelezo yasiyozidi herufi 700, nafasi kati ya maneno zikiwemo. Unaruhusiwa kuchagua tatu kuwa ndizo zenye maana zaidi maishani mwako, na hizo unaongezewa herufi 1,325 za kueleza kwa nini. Saa ngapi zinatosha? Hakuna anayekwambia, na kwa kuwa hakuna anayekwambia, kila mtu anaongeza. Nina marafiki wenye majedwali ya Excel yenye safu ya kujitolea, safu ya maabara, safu ya kumfuata daktari, na safu ya "uongozi", ambayo ndiyo inayozaa vyama visivyo na wanachama bali viongozi watupu. Kwenye chakula cha mchana watu hawajuliani hali. Wanaulizana "una saa ngapi za kliniki?", na mwenye nyingi anajifanya kuzitaja kwa aibu.

Kumfuata daktari, yaani kusimama pembeni ukimtazama akifanya kazi, ndiko kunakonikera zaidi. Nimesimama kwenye kona ya chumba, mikono nyuma, huku mama mmoja akiambiwa kwamba uvimbe wake utakatwa kipande ukapimwe. Anamtazama daktari, kisha ananitazama mimi, kana kwamba mimi nami nina la kusema. Sina. Kazi yangu pale ni kuwepo tu, na dakika zake za hofu zitaingia kwenye jedwali langu. Aliulizwa kama anaridhia niwepo, ndiyo, aliulizwa. Lakini ni nani anayekataa akiulizwa mbele ya mgeni mwenyewe? Na tusisahau kwamba kupata daktari wa kumfuata kunataka umjue daktari. Mtoto wa daktari anampigia simu rafiki wa baba. Mtoto wa dereva anaandika barua pepe kwa watu wasiomjua, na nyingi hazijibiwi.

Kazi iliyonifundisha kitu ni ya mshahara, tena mdogo. Mafunzo ya nesi msaidizi kwa sheria ya serikali kuu hayapaswi kupungua saa 75, na majimbo mengine yanadai zaidi. Ukifaulu unapata cheti, unaajiriwa. Nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Asiyeweza kujigeuza mwenyewe tunamgeuza kila baada ya saa mbili, tunaweka mto katikati ya magoti, tunakagua visigino na kifupa cha mkia. Ukiona wekundu unabonyeza kwa kidole. Usipofifia, hicho ni kidonda kinachoanza, na unamwita nesi usiku huohuo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu unaweza usiuone kabisa. Nesi wangu wa zamu ndiye aliyenionyesha: unatafuta joto kwa mgongo wa kiganja, unapapasa kama nyama imekuwa ngumu kuliko pembeni yake. Hili sikulisikia kwenye somo lolote ninalolilipia ada.

Kwenye fomu, zamu hizo zote ni mstari mmoja wenye herufi 700. Mstari wa mwenzangu aliyekwenda likizo wiki mbili kwenye nchi kama yetu, akapima watu presha na kupiga picha na watoto wa shule, una herufi 700 vilevile. Alirudi akasema amejifunza unyenyekevu. Tumpongeze. Ila wiki zile mbili kuna mtu alizilipia nauli, na mwanafunzi anayeuza dukani mpaka saa nne usiku ili alipe pango hana wiki mbili za kujifunzia unyenyekevu.

MCAT nitaipitia haraka kwa sababu ni mtihani, na mitihani tunaijua. Tangu 2015 unakaa karibu saa saba na nusu ukihesabu na mapumziko, maswali 230, alama kati ya 472 na 528. Sehemu inayowatisha wengi wetu tuliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili ni ile ya kusoma na kuchambua, CARS: vifungu 9, maswali 53, dakika 90, wala hakuna sayansi ndani yake. Unaweza kupewa kifungu kuhusu falsafa au usanifu wa majengo, na unaulizwa mwandishi angekubaliana na kauli ipi. Mimi nainyooshea mikono. Angalau nayo haimjui baba yangu, ingawa inamjua kidogo aliyeweza kulipia kozi ya maandalizi.

Maana hela ndiyo iliyotulia chini ya kila kitu. Ada ya MCAT inapita dola 300. AMCAS ni kama dola 175 kwa chuo cha kwanza na zaidi ya dola 40 kwa kila kinachofuata, na watu huomba vyuo zaidi ya kumi. Vyuo vikishapokea jina lako vinakutumia insha za ziada, mara nyingi kila kimoja na ada yake. AAMC, chama cha vyuo hivi, kina mpango wa kuwapunguzia wenye kipato kidogo, na yeyote anayestahili auombe kabla ya kulipa chochote, kwa sababu ukishalipa hawakurudishii. Maombi yanafunguliwa Mei, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya masomo kuanza, kwa hiyo anayetaka kuunganisha moja kwa moja anahukumiwa kwa miaka mitatu tu ya alama. Ndiyo maana wengi hukaa kwanza mwaka au miwili wakiongeza saa na kutafuta fedha.

Kwa wenzangu waliokuja kwa viza ya wanafunzi, neno moja, kwa sababu washauri wengi wa vyuo hawalisemi mapema: vyuo vingi vya udaktari vya Marekani havipokei kabisa waombaji wa kigeni, na baadhi ya vinavyowapokea vinataka uonyeshe fedha za mwaka mzima au hata miaka yote minne kabla hujaanza. Uliza hilo mwaka wa kwanza, usisubiri wa tatu. Na sisi wenye ukaazi tusijione tumepona. Kwa sheria iliyopitishwa 2025, kuanzia tarehe 1 Julai 2026 mkopaji mpya hapati tena mkopo wa serikali uliokuwa ukifunika gharama zote za masomo haya. Kikomo ni dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Vyuo vingi vya binafsi, ukijumlisha ada, pango na chakula, vinakipita kikomo hicho cha mwaka kwa mbali. Pengo litazibwa na benki, au na baba.

Kama kamati za udahili zingeniuliza, ningewaambia waache kemia ilipo na wapunguze zile nafasi 15 zibaki nne. Waandike idadi ya saa ambayo ikishafika hawatazami tena ya juu yake. Na barua moja iwe ya lazima kutoka kwa mtu aliyemwona mwombaji akimhudumia binadamu kwa mikono yake, awe nesi, awe msimamizi wa zamu, awe nani.

Nesi wangu wa zamu anaendelea kuniuliza ni lini nitamletea barua yake ya kuandika. Vyuo ninavyoviwania vinataka kwanza maprofesa wawili wa sayansi na mmoja wa fani nyingine. Ya kwake itaingia kama ya ziada, pale ambapo za ziada zinapokelewa.