Ubao wa kugusa PP1 (mwaka wa kwanza wa chekechea): kidole kimoja, midomo thelathini

Kipindi cha chekechea Kenya ni dakika 30. Darasa la watoto 30, kila mmoja akipewa dakika moja ya kuburuta picha kwenye ubao wa kugusa (ubao wa kompyuta unaoitikia kidole), kipindi kimekwisha: mmoja acheza, 29 wamtazama mgongo. Katika vyuo vya Kurani vya Lamu ya zamani kila mwanafunzi alikuwa na ubao wake wa mbao. Huu mmoja wagombewa na darasa zima.

Wanaoupinga ubao huu wana haki hapo, ila lawama ni ya mchezo uliochaguliwa. Michezo ya kuburuta neno hadi kwenye picha, nayo ndiyo imejaa kwenye programu za ubao huu, humfunga mtoto mdomo. Akikosea, ubao walia. Ajaribu picha ya pili, ya tatu, mpaka makofi yasikike. Amejifunza kubahatisha. Ikiwa hakuna budi, picha ziwe nne, si kumi na mbili.

Mchezo wa pazia ni jambo jingine. Picha ya jahazi imefunikwa, mwalimu aifunua kidogo kidogo: ncha ya mlingoti, foromali (mti unaobeba tanga), tanga. Darasa zima lakisia kwa sauti, na anayetoka kugusa hutakiwa aseme sentensi nzima kabla kidole hakijafika: "Naona mti mrefu una kamba." Watoto wanne tu wamegusa, lakini wote wamesema.

Lamu ina mtego wake. Mtoto anayesema Kiamu, lahaja ya huko, hutamka mtanga, mtele, ndia, ito. Sauti ya programu yasema mchanga, mchele, njia, jicho. "Ndoo!" kwao mtu aitwa; ubaoni ni chombo cha maji. Mbaya zaidi ni "teka": Kiamu ni kucheka. Mtoto agusa picha ya anayecheka, apata alama nyekundu, na neno alilielewa barabara. Hapa ubao wazidi kitabu, kwa sharti mwalimu arekodi sauti yake mwenyewe: picha moja, vitufe viwili, Kiamu kwanza kisha sanifu. Sera ya lugha ya eneo hadi gredi ya tatu yamruhusu. Kazi ya picha nane yaweza kumla jioni nzima, na wengi hawaifanyi (si ajabu).

Kuhusu kifaa: ukingo wa chini uwe kama sentimita 60 kutoka sakafuni, maana mafundi hukifunga kwa kimo cha mtu mzima. Projekta ikisukumwa hata kidogo, kidole na alama havikutani tena. Lazima kupima upya kwa kugusa vituo vinavyojitokeza. Ubao wa miale, unaohisi chochote kinachokata miale yake, hausubiri kidole, hata mkono wa nguo waubonyeza. Hewa ya chumvi hula vichwa vya nyaya. Umeme nao hukatika katikati ya pazia, basi zile picha nane ziwe pia kwenye kadi, droo ya kwanza, si kabatini kwa mwalimu mkuu.