Seli nywele za sikio: waliosema "bado" hawakuwa wapinga tiba

Februari 2023 kampuni ya Marekani ya Frequency Therapeutics ilitangaza kwamba dawa yake ya FX-322, iliyokusudiwa kuotesha upya seli za kusikia na iliyojaribiwa kwa watu 142, haikuwafanya wasikie maneno vizuri kuliko wale waliopewa dawa bandia. Mradi ukafungwa, na mwaka haukuisha kabla kampuni haijaunganishwa na nyingine ya fani tofauti. Tangu hapo wanaofuatilia tiba ya kuotesha upya seli nywele, zile za sikio la ndani zinazogeuza sauti kuwa ujumbe wa neva, wamegawanyika. Wapo wanaotaka majaribio kwa binadamu yaendelee bila kupoa. Wapo pia, wengi wao wanabiolojia wa seli, wanaotaka sindano zisubiri hadi kizuizi kilichomo ndani ya seli yenyewe kieleweke. Hawa wa pili wamebandikwa jina la wakatisha tamaa, na nadhani wameonewa.

Wenye haraka wana hoja nzito. Koklea ya binadamu, mrija wa sikio la ndani uliojiviringisha kama konokono, ina seli nywele zipatazo 15,000: kama 3,500 za ndani na 12,000 za nje. Zikifa kwa kelele, uzee, cisplatin (dawa ya saratani) au gentamisini (dawa ya kuua bakteria), hazirudi. Mwaka 2020 watafiti wa Boston waliochunguza masikio 120 ya marehemu walionyesha kwamba ugumu wa kusikia wa uzeeni unaelezwa zaidi na vifo vya seli hizi kuliko kuchakaa kwa tishu inayozipa nguvu ya umeme, kinyume na vitabu vilivyofundisha kwa miongo. Kwa hiyo shabaha ni sahihi. Isitoshe, koklea ya mtu aliye hai haikatwi kipande cha kupima, kwa kuwa kuikata ni kuiua. Siku moja jibu lazima litoke kwa mgonjwa mwenyewe. Na FX-322 haikuonekana kuwadhuru walioipata. Kwa nini basi kungoja, wakati Shirika la Afya Duniani linahesabu watu milioni 430 wenye upotevu wa kusikia unaohitaji huduma?

Tatizo ni mahali matumaini yenyewe yalikotoka. Kuku anaotesha seli nywele mpya hata akiwa mzima. Hilo linajulikana tangu 1987 na 1988. Seli tegemezi, zile zinazozizunguka seli nywele, hugawanyika au hujigeuza moja kwa moja. Kwa mamalia, sehemu kubwa ya ushahidi uliochochea majaribio ilitoka kwa panya wachanga, na hapa ndipo umri unapodanganya. Panya huzaliwa kiziwi; huanza kusikia akiwa na siku kama 12. Binadamu huitikia sauti miezi kadhaa kabla ya kuzaliwa. Koklea ya panya wa siku moja, basi, inalingana na ya kijusi cha mimba changa kiasi, wala si ya fundi seremala wa miaka 50 aliyezoea mashine ya kuranda.

Tofauti hiyo si ya ukubwa tu. Mwaka 2021 maabara moja ya Chuo Kikuu cha Kusini mwa California ilionyesha kinachotokea katika seli tegemezi za panya baada ya kuzaliwa: alama za kikemikali zinazoziacha jeni za seli nywele katika hali ya "tayari kuwashwa" hufutika, kwa sehemu kubwa ndani ya wiki ya kwanza. Jeni yenyewe ipo palepale. Vipande vya DNA vinavyoiwasha ndivyo vilivyofungwa. Ukileta Atoh1, protini kuu ya kuanzisha seli nywele, katika seli ya panya mchanga, inapata pa kushika. Katika seli ya mtu mzima inapata pachache mno. Wabiolojia wanaposema "bado", wanasema hivyo tu: kuna kizuizi, kinajulikana kilipo, na dawa zilizojaribiwa hazikuthibitishwa kukifungua katika koklea ya mtu mzima.

Tazama sasa dawa ilivyofika, au ilivyoshindwa kufika. FX-322 ilichanganya kemikali iitwayo CHIR99021 na asidi ya valproiki, ileile inayotumika kutibu kifafa. Dawa za namna hii hupitishwa kwa sindano kwenye kiwambo cha sikio, zikajaa sikio la kati, zikapenya polepole kwenye utando wa dirisha la duara, lango dogo la kuingia koklea. Sehemu nyingine hutiririka kooni kupitia mrija wa sikio. Kinachopenya huingilia kwenye shina la koklea, panapohudumia sauti nyembamba kabisa, kisha husambaa chenyewe kuelekea nchani kwenye mrija wa takriban milimita 35. Kiwango chake hushuka haraka njiani. Mazungumzo ya watu yanategemea zaidi sauti za hezi (mitetemo kwa sekunde) 500 hadi 4,000, ambazo ziko mbali zaidi ndani. Kipimo cha kawaida cha kliniki huishia hezi 8,000. Yaani hata kama seli chache zingeota shinani, huenda kipimo hicho kisingezigusa.

Ndiyo maana matokeo yaliegemea jaribio la kutambua maneno, na hapo nakaa kidogo kwa sababu hesabu yake hupuuzwa. Mgonjwa husikilizishwa orodha ya maneno 50 na kuyarudia. Tuseme uwezo wake halisi ni asilimia 50. Kwa bahati tu, alama yake huyumba kwa pointi 7 hivi kila akipimwa. Tofauti kati ya vipimo viwili huyumba kwa pointi 10. Ukitaka uhakika wa kawaida wa kitakwimu, lazima apande karibu pointi 20 ndipo useme kuna kitu kimebadilika. Orodha ikiwa ya maneno 25, kizingiti hupanda hadi kama 28. Katika jaribio la kwanza la FX-322, la watu 23, wachache walipanda vya kutosha, na habari zikaenea dunia nzima. Lakini ukiwachagua watu waliopata alama za chini siku ya kwanza, baadhi yao watapanda siku ya pili hata ukiwapa maji, kwa kuwa siku ya kwanza iliwaangukia vibaya.

Jaribio lililofuata, la watu 95 waliochomwa mara moja kwa wiki kwa wiki nne, liliyaonyesha haya wazi Machi 2021: waliopewa dawa bandia nao walipanda. Kampuni yenyewe ilieleza kwamba baadhi ya washiriki walipata alama za chini wakati wa kusajiliwa kuliko rekodi zao za nyuma, jambo lililoashiria kwamba huenda walitaka kukubaliwa. Jaribio la watu 142 lilirekebisha hilo kwa kupima mara kadhaa kabla ya sindano. Kipimo kilipotulia, faida ikayeyuka.

Wengine nao hawakufika mbali zaidi. Novartis ilianza mwaka 2014 kuingiza jeni ya Atoh1 kwa kirusi kilichodhoofishwa, na haikuzaa tiba. Dawa ya LY3056480, iliyolenga kuzuia mfumo wa Notch (ishara zinazoizuia seli tegemezi isigeuke seli nywele) na kujaribiwa Ulaya, haikufikia lengo lake kuu. Matokeo yalichapishwa 2024. Tena kuzuia Notch kuna gharama yake: seli tegemezi ikijigeuza seli nywele bila kugawanyika kwanza, umepata moja na kupoteza nyingine iliyokuwa imeishikilia. Na bado seli mpya inahitaji kuambiwa iwe ya ndani au ya nje, kazi ambayo mwaka 2022 ilionekana kutegemea jeni ya TBX2, kisha iunganishwe na neva ambayo huenda imeshanywea.

Wenye haraka hujibu kwa kutaja watoto wa Shanghai. Kweli, mwaka 2024 ilichapishwa kwamba watano kati ya sita waliozaliwa viziwi kwa hitilafu ya jeni ya OTOF walianza kusikia baada ya tiba ya jeni. Ila seli nywele za watoto hao zilikuwa hai. Zilikosa otoferlini, protini ya kupitisha ujumbe kwa neva. Tiba ilirudisha protini moja iliyojulikana, katika seli iliyokuwapo. Mfano huu unawasaidia zaidi wanaosema elewa hitilafu kwanza.

Na kusubiri kwao si kukaa bure. Katika baadhi ya upasuaji wa uvimbe wa neva ya usikivu, daktari hupitia sikio la ndani na kukitoa kiungo cha usawa kiitwacho utrikuli, ambacho vinginevyo kingetupwa. Tishu hiyo ya mtu mzima hukaa hai maabara kwa muda, na tangu 1993 imejulikana kwamba ina uwezo mdogo wa kuzalisha upya. Juu yake unaweza kupima dawa, kuhesabu seli moja moja, na kuona kama DNA imefunguka, kabla ya kumchoma mtu yeyote. Utrikuli si koklea, na inayofanikiwa humo inaweza kukwama kule. Ila dawa isiyofungua chochote katika utrikuli wa mtu mzima sioni kwa nini ipelekwe kwenye masikio ya watu 142.