Herufi Itarudi Tu

Ukumbi wa sendofu ya dada yangu, pale Sinza, ulikuwa na kiyoyozi kikali. Wageni walifurahi, fidla yangu haikufurahi. Hewa kavu husinyaza mbao: vigingi vikalegea kwenye matundu yake, na uzi mwembamba kuliko wote, ule wa E, ukalala kabisa. Kabla sijautuni, mama akaniita nikafungwe tai. Nikamwachia shemeji mtarajiwa fidla na simu yenye programu ya kutunia.

"Kaza taratibu mpaka simu iandike E."

Shemeji ni fundi pikipiki. Kukaza ndiyo riziki yake, tena siku hiyo wakwe wote wanamtazama.

Niliporudi, simu iliandika G na jasho linamtoka.

"Shem, E umeshaipita!"

"Najua. Ila nimezisoma hizi herufi, zikifika G zinaanza tena A. Ni kama daladala, shem. Ikikupita unatulia tu, itarudi."

Kwa upande wa herufi alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniudhi. E nyingine ipo kweli huko juu. Lakini ya kwanza ni mitetemo 659 kwa sekunde, ya pili ni 1,318, na uzi hauongezi mitetemo maradufu kwa mkazo maradufu, unadai mara nne. Wenyewe ni waya wa chuma wa unene wa robo milimita hivi, na kwenye E ya kwanza tu unavutwa kwa karibu kilo 8. Yeye anaupeleka kwenye 32. Mimi namhesabia kwa vidole, yeye anazungusha kigingi.

Paaa!

Shangazi, akidhani ni fataki ya kumwingiza bibi harusi, akapiga kigelegele. Ukumbi wote ukapokea. Emsii naye hakuuliza: "Na mpiga fidla wetu yuko tayariii!"

Nikapanda na nyuzi tatu. Kila ilipotakiwa E, kidole kidogo kilibana uzi wa A ubaki theluthi mbili. A ni 440, hapo inalia mara moja na nusu yake, 660. Noti za juu zaidi zilinilazimu kuukimbiza mkono shingoni mwa fidla kwenda na kurudi. Wazee wakaona mbwembwe, wakaja kunitunza.

Katikati ya ubeti wa pili namwona shemeji anaingia kutoka kwenye maegesho, koleo mkono mmoja, waya wa klachi mkono wa pili.

"Shem, huu haukatiki!"