Megabaiti 8 au 16: nani apange mpaka wa programu dhibiti kwenye mashine pepe?

Mwishoni mwa mwaka 2020 emuleta ya QEMU, programu inayoiga kompyuta nzima (mashine pepe) ndani ya kompyuta nyingine, ilipokea badiliko dogo ambalo wengi wanaoitumia kila siku hawakulisikia. Kabla ya hapo, mashine pepe ya aina ya PC ilikataa kuwaka ikiwa jumla ya programu dhibiti yake (firmware, ile inayoanza kuendeshwa mashine ikiwashwa) imezidi megabaiti 8. Namba hiyo ilikuwa imeandikwa ndani ya msimbo wenyewe. Aliyetaka kuibadilisha alilazimika kushusha chanzo cha programu, kugusa mstari mmoja, kisha kukompaili upya, yaani kuugeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa. Badiliko lile lilileta chaguo linaloitwa max-fw-size: mtumiaji anataja ukubwa anaoutaka wakati wa kuwasha mashine. Asipotaja kitu anabaki na 8, na akitaja zaidi ya 16 anakataliwa.

Naunga mkono badiliko hilo. Hata hivyo hoja za wanaopenda mipaka isiyoguswa ni nzito kuliko zinavyoonekana kwa haraka, na baadhi yake zinatugusa sisi wa Kigoma kuliko wenye vyumba vya seva ambavyo umeme haukatiki. Ndiyo maana nataka kuzipima kwa utulivu.

Kwanza, 8 ilitoka wapi? Prosesa za familia ya x86 zikiwashwa huanza kusoma maagizo kwenye anwani 0xFFFFFFF0, baiti 16 tu chini ya gigabaiti 4. Kwa hiyo programu dhibiti lazima iishie pale juu kabisa, na kila inaponenepa hunenepa kuelekea chini. Ni kama kiwanja cha Mwanga kilichoishia barabarani: mbele hakusogei, unapanua nyuma tu, na nyuma kuna jirani. Jirani huyo ni saketi zinazopokea ishara za vifaa na kuzifikisha kwa prosesa. Moja inakaa kwenye 0xFEE00000, yaani megabaiti 18 chini ya gigabaiti 4, na nyingine kwenye 0xFEC00000, megabaiti 20 chini. Programu dhibiti ikizifikia, vitu viwili vinagombea anwani moja, na mashine inaweza kugoma kuwaka au, vibaya zaidi, ikawaka na kuyumba siku isiyojulikana.

Ukiitazama ramani hiyo utaona nafasi iliyopo inazidi megabaiti 8 kwa mbali. Waliochagua 8 hawakuipata kwa kukokotoa. Walijiwekea tahadhari ya kukaa mbali na jirani, na maelezo yaliyoambatana na msimbo yalisema wazi kwamba hakukuwa na hesabu kamili nyuma yake.

Namba 16 ina asili tofauti kabisa. KVM, sehemu ya keneli (kiini) ya Linux inayoipa QEMU kasi, inahitaji kurasa 4 za memori kwa ajili ya prosesa za zamani za Intel, na QEMU inaziweka kuanzia anwani 0xFEFFC000. Kurasa hizo, kilobaiti 16 kwa jumla, zinaishia 0xFF000000, ambayo ni megabaiti 16 kamili chini ya gigabaiti 4. Chipu za Intel zenyewe, kwenye ubao halisi wa kompyuta (motherboard), zina dirisha la megabaiti 16 mahali hapohapo la kusomea programu dhibiti. Kwa hiyo 16 ni ukuta uliopo kweli, na 8 ilikuwa alama iliyochorwa na mtu mwangalifu kabla ya kuufikia ukuta. Msimamo wangu wote unasimama hapa: mpaka unaotokana na umbo la mashine ubaki umefungwa, na mpaka unaotokana na tahadhari akabidhiwe anayebeba matokeo yake.

Sasa, nani anaumia na megabaiti 8? Wengi hawaumii. OVMF, programu dhibiti ya UEFI (mfumo uliochukua nafasi ya BIOS ya zamani) inayotumiwa na mashine pepe nyingi, katika umbo lake la sasa ina faili mbili: ya msimbo yenye baiti 3,653,632 na ya kuhifadhia mipangilio yenye baiti 540,672. Jumla ni megabaiti 4 kamili, nusu ya mpaka wa zamani. Ofisi inayoendesha mashine pepe tatu za mahesabu na kumbukumbu haitakutana na ukuta huu.

Wanaokutana nao ni watu wa aina nyingine. Wapo wanaotaka kujaribu programu dhibiti ya seva halisi kabla ya kuipakia kwenye ubao. Wapo wanaofuata njia ya LinuxBoot, ambayo inaweka keneli nzima ya Linux na vifaa vyake ndani ya programu dhibiti. Ukiongeza madereva machache na zana za mtandao, megabaiti 8 zinaisha mapema. Na wapo wanaojifunza, ambao ndio ninaowafikiria zaidi. Kijana wa Gungu au Ujiji anayetaka kuielewa kazi hii hana ubao wa akiba. Akipakia faili mbovu kwenye kompyuta halisi, mashine inakufa, na ubao mwingine unasubiriwa kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Kwenye emuleta faili mbovu haimgharimu chochote: anaifuta, anarudia. Kwa mtu wa namna hiyo emuleta ndiyo maabara pekee aliyo nayo, na mpaka usio na sababu ya kimaumbile unamfungia mlango wake pekee.

Atajibiwa kwamba akompaili mwenyewe, kwa kuwa chanzo kiko wazi. Jibu hilo ni kweli kwenye karatasi tu. Anayekompaili QEMU yake anatoka kwenye mkondo wa masasisho ya toleo lake la Linux. Tundu la usalama likizibwa leo, wenzake wanapata kiraka kwa amri moja, na yeye anabaki na programu ya zamani mpaka akumbuke kushusha chanzo tena na kurudia kazi yote kwa kifurushi cha simu. Nimeona seva zilizokwama hivyo, zikiendeshwa na emuleta ambayo hakuna anayekumbuka iliwekwaje. Mpaka uliowekwa kwa ajili ya usalama unaishia kumsukuma mtu kwenye hali isiyo salama.

Pia programu dhibiti haikuacha kukua. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa na BIOS ya kilobaiti 8. SeaBIOS, BIOS inayokuja na QEMU, ina kilobaiti 256. OVMF ilipanda kutoka megabaiti 1 hadi 2, kisha 4. Sababu moja inayosukuma ukubwa huu ni usalama wenyewe. Mwaka 2020 lilipofichuliwa tundu la BootHole kwenye programu ya kuwashia ya GRUB2, orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku na Secure Boot, ulinzi unaozuia programu isiyoaminika kuwashwa, iliongezewa vyeti 3 na alama 150 za faili. Tukio hilo moja lilikula takribani kilobaiti 10 kati ya 32 ambazo mashine nyingi huwa nazo kwa kazi hiyo, theluthi moja kwa mara moja. Anayefunga ukubwa wa leo ndani ya msimbo anafanya dau dhidi ya mwenendo wa miaka arobaini.

Upande wa pili unaanzia mahali pengine kabisa: kila chaguo linaloongezwa ni ahadi ya miaka mingi. Chaguo jipya linahitaji kupimwa pamoja na kila aina ya mashine na kila toleo la zamani. Wanaobeba mzigo huo ni wachache, na wengi wanaoomba chaguo hawarudi kusaidia kulitunza. Hoja hii naiheshimu kwa dhati, kwa sababu bila watu hao hatuna emuleta ya kubishania.

Iliyo nzito zaidi ni ya kuhamisha mashine pepe ikiwa inaendelea kufanya kazi. QEMU inapotuma hali ya mashine kutoka seva moja kwenda nyingine, inatuma pia memori ya programu dhibiti, na pande zote mbili lazima zikubaliane juu ya ukubwa wake kwa baiti. Zikitofautiana, uhamisho unakatwa. Ndiyo maana QEMU 2.0 ilipotoka mwaka 2014 na kuhamia SeaBIOS ya kilobaiti 256, mashine za aina za zamani ziliachiwa faili ile ya kilobaiti 128. Wangeweza kusema kubwa ni bora kwa wote. Hawakusema hivyo, na walikuwa sahihi.

Mtu anaweza kudhani kuhamisha mashine hai ni anasa ya makampuni makubwa. Huku kwetu jambo hilohilo lina sura nyingine. Mji wa Kigoma uliishi kwa jenereta za dizeli kwa miaka mingi, nje ya gridi ya Taifa, na anayetunza seva hapa amejifunza kuishi na umeme unaoweza kukatika. UPS ikitoa ishara, libvirt, programu ya kusimamia mashine pepe, inaweza kusimamisha mashine pepe zote na kuandika hali yake kwenye diski, ili umeme ukirudi ziendelee pale zilipoishia. Ndani yake, kuhifadhi huko kunatumia njia ileile ya uhamisho, kwa hiyo kuna sharti lilelile. Ukihifadhi mashine ikiwa na programu dhibiti ya ukubwa mmoja, ukaja kuifungua ukubwa umebadilika, inakataa. Na ikiwa seva imeungua, ukaipeleka hali hiyo kwenye seva ya akiba ambako hakuna aliyekumbuka kuandika max-fw-size, QEMU ya huko itaikataa programu dhibiti ya megabaiti 12 hata kabla hujafika kwenye hali iliyohifadhiwa. Kadiri mipangilio inavyotofautiana kati ya seva na seva, ndivyo usiku wa umeme kukatika unavyokuwa mgumu.

Wenye msimamo huu wana mfano mzuri wa kuonyesha. Kwenye mashine pepe za ARM (familia nyingine ya prosesa) za aina ya virt, QEMU ilifunga ukubwa wa flashi, chipu inayohifadhi programu dhibiti, kuwa megabaiti 64, mara mbili: moja ya msimbo, moja ya mipangilio. Programu dhibiti yenyewe ni sehemu ndogo sana ya hizo. Faili hujazwa sifuri mpaka itimie, na faili isiyotimia inakataliwa. Kwa muda mrefu sifuri hizo zilisomwa zote na kukaa kwenye memori ya seva. Mashine pepe 10 zikitumia flashi zote mbili zilimeza megabaiti 1,280 kwa ajili ya sifuri, na kwa seva ya mtumba yenye memori ya gigabaiti 16 hilo si jambo dogo. Lililofanyika baadaye ndilo la kujifunza: watunzaji waliacha ukubwa vilevile, wakaifanya QEMU iruke sehemu zenye sifuri tupu wakati wa kusoma. Gharama ikaondoka, uhamisho ukabaki salama, na hakuna aliyeongezewa chaguo la kukumbuka.

Mfano huo ulinifanya niulize kama kwenye PC pia kulikuwa na njia ya kukwepa chaguo. Naona haikuwepo nzuri. Kwenye ARM tatizo lilikuwa nafasi nyingi mno, na nafasi tupu inaweza kurukwa. Kwenye PC tatizo lilikuwa nafasi ndogo, na msimbo wa megabaiti 12 hauna kitu cha kuruka. Wangeweza kuipandisha 8 kuwa 16 kwa kila mtu, bila chaguo. Lakini mpaka wa chini una faida yake: anayeelekeza QEMU kwenye faili isiyo sahihi kwa bahati mbaya anasimamishwa mapema, na programu dhibiti haisogei karibu na kurasa za KVM bila mwenye mashine kujua. Kuiacha 8 kwa wote na kumpa mhitaji njia ya kwenda hadi 16 kunamlinda asiyejua bila kumfunga anayejua.

Kuhusu uhamisho, lazima tuwe waangalifu kutenganisha vitu viwili. Max-fw-size yenyewe haionekani kwa mfumo ulio ndani ya mashine pepe. Mashine yenye OVMF ya megabaiti 4 inahama bila shida kati ya seva yenye mpaka wa 8 na seva yenye mpaka wa 16, kwa sababu kinacholinganishwa ni ukubwa wa flashi unaotokana na faili. Hatari haiji na kupanuka kwa mpaka. Inakuja na mtu kubadilisha faili, na faili ingeweza kubadilishwa hata chini ya mpaka wa zamani, kama ilivyotokea OVMF ilipotoka megabaiti 2 kwenda 4. Hoja ya uhamisho inadai nidhamu ya kutunza faili na mipangilio pamoja. Haidai namba 8 ibaki ndani ya msimbo.

Nidhamu hiyo ndiyo naiomba kwa wanaotunza seva za vyuo na ofisi hapa Kigoma na jirani zetu wa Tabora. Mpaka ukiongezwa, uandikwe kwenye faili ya maelezo ya mashine pepe yenyewe, usiachwe kwenye amri aliyoichapa mtu mmoja na kuondoka nayo kichwani. Nakala ya programu dhibiti ikae pamoja na nakala ya diski. Seva ya akiba ijaribiwe kwa mashine hiyohiyo kabla ya siku ya shida.

Kuna wanaotaka kwenda mbali zaidi, wakisema bodi za seva siku hizi zina chipu za megabaiti 32, basi emuleta nayo ifike huko. Hapo nahamia upande wa wanaokataa. Hata kwenye bodi hizo, dirisha lililo chini ya gigabaiti 4 ni la megabaiti 16. Kilichobaki kwenye chipu kinasomwa kwa njia nyingine. Anayetaka 32 mahali pale anaomba PC ambayo haijatengenezwa, tena juu ya anwani ambazo tayari zina wenyewe. Akitaka kuiga chipu kubwa, aombe emuleta iige hiyo njia nyingine ya kusoma. Ni kazi kubwa kuliko kubadilisha namba, na ningependa kumwona mtu akiianza.