0.062 si aibu

Jumapili mpwa wangu alikuja na sura ya nne ya utafiti wake. Hata juisi hakuigusa. Alinifungulia jedwali, na pale penye thamani ya p, 0.062, msimamizi alikuwa amezungushia kalamu nyekundu mara mbili, pembeni kaandika: "Ongeza hojaji 30, urudie."

"Shangazi, ikishuka chini ya 0.05 ndo nitapita?"

Swali hilo linaniuma mpaka leo.

Binti huyu kazunguka hosteli na mageto wiki sita, akakusanya hojaji 120 ili alinganishe GPA (wastani wa alama) za wanaokaa chuoni na waliopanga mtaani. Tofauti aliyoipata haikutosha kuikataa nadharia tete sifuri, yaani dhana kwamba makundi hayo hayatofautiani: p, uwezekano wa bahati tu kuleta tofauti kubwa kiasi hicho au zaidi kama dhana hiyo ni kweli, ilikuwa 0.062, juu ya mstari wa 0.05 uliozoeleka. Basi, hilo ni jibu! Kumwambia aongeze watu mpaka namba ishuke ni kumfundisha kupika data, hata kama kila hojaji itajazwa na mtu wa kweli. Kila ukichungulia matokeo kisha ukaongeza kidogo, umejipa nafasi nyingine ya kubahatisha, na ile asilimia 5 ya kukosea, kuona tofauti isiyokuwepo, uliyojiwekea mwanzoni haipo tena.

Fisher, mwanatakwimu Mwingereza aliyetuachia hiyo 0.05 mwaka 1925 aliichukua kwa kuwa ilikuwa rahisi kuitumia. Miaka kumi baadaye akaandika habari za mama mmoja aliyedai kwamba akionja chai anajua kama maziwa yalitangulia kikombeni. Vikombe 8, vinne vya kila aina. Kuvipatia vyote kwa bahati tu ni mara 1 kati ya 70. Vikombe vilihesabiwa kabla mama hajaonja. Angekosea, akaongezewa vingine mpaka apatie, nani angemwamini?

Sawa, 120 huenda ni wachache. Hilo lilipaswa kuulizwa kwenye pendekezo la utafiti, kabla ya matokeo kuonekana. Na wanafunzi nanyi, acheni kuandika "nadharia tete sifuri imekubaliwa". Kushindwa kuikataa si kuithibitisha.

Chama cha wanatakwimu wa Marekani kilishatamka mwaka 2016 kwamba uamuzi wa kisayansi usitegemee tu kama p imevuka mstari fulani. Vyuoni kwetu bado watoto wanalia kwa sababu ya mstari huo.

Nimemwambia aiache 0.062 ilivyo, aandike tofauti yenyewe ya GPA na ukubwa wa mashaka yake, kisha aeleze sampuli yake ilikuwa na upungufu gani. Anakwenda kwa msimamizi Alhamisi. Nitamsindikiza mpaka mlangoni.