Umeruka Pale kwa Atieno

Kabla hamjaendelea kuforwadi ile story ya yule jamaa wa boda (sitamtaja, anajijua, na deni langu pia analijua), eti nilizimia mbele ya mkutano mkuu nikisoma kitabu ya tabia mbaya, hebu niseme yangu. Sikuzimia. Nilikaa chini ghafla tu, na kiti hakikuwepo. Na haikuwa "kitabu ya tabia mbaya", watu wa Kondele mnapenda kuongeza chumvi. Ilikuwa sura moja ya riwaya ambayo ndani yake watu wanashikana mkono. Mkono tu jameni.

Wale mnanifuata kutoka zamani mnajua mimi ni karani wa sacco ya wafanyabiashara hapa Kisumu, na mnajua naandika. Shida ni saa. Asubuhi ni kuingiza malipo ya mikopo, mchana mama amekuja kuuliza mbona shea zake ni zilezile, jioni uko kwa matatu umebanwa na mtu amebeba kuku, ukifika Manyatta stima imepotea. Nyinyi wa "amka saa kumi alfajiri uandike" nawaheshimu, lakini nilijaribu nikalala juu ya kibodi nikaamka nimeandika kurasa mbili za herufi j. Kwa hivyo naandika kazini. Shaaban Robert naye alikuwa karani wa forodha kule Tanganyika na akatuachia vitabu, sema sidhani alikuwa na bosi wa kupita nyuma ya kiti na kikombe cha chai akichungulia.

Wangu anapita. Ndio nikapata ujanja: nafungua faili la kumbukumbu za mkutano, naandika hadithi hapo katikati ya ajenda, halafu naipaka rangi nyeupe. Maandishi meupe, ukurasa mweupe. Bosi akichungulia anaona "Ajenda ya 4: Mikopo" na nafasi kuuubwa chini yake, anadhani ni unadhifu. Hata ukiprinti haitoki. Nilijiona profesa.

Sasa hiyo sura ilikuwa na mwenyekiti wa chama fulani, mnene, kofia ya kijani, anampitishia msichana anaitwa Atieno mkopo wa laki nne na akiba ya Atieno ni elfu sita. Mnajua sacco, mkopo kawaida ni mara tatu ya akiba yako na lazima uwe na wadhamini, kwa hivyo hapo ndipo utamu wa kitabu ulipokuwa. Kofia nilibuni mwenyewe. Mwenyekiti wetu sisi anavaa ya kijivu.

Wiki ya mkutano mkuu kamati ikasema hakuna kuprintia memba wote, karatasi ni ghali, kumbukumbu za mwaka jana zitumwe kwa grupu ya WhatsApp. Nikatuma faili. Wazee wakaanza: haifunguki, simu yangu haitaki hii kitu, karani si uandike tu kawaida. Ilikuwa usiku, macho yanafunga yenyewe, nikachagua yote, nikakopi, nikapesti, nikatuma, nikazima data, nikalala.

Vijana wa komputa nawaona mmeanza kucheka. Ndio. WhatsApp haijui mambo ya rangi. Ukipesti huko kila kitu kinatoka sawasawa, cha halali na cha magendo.

Na ningeshtuka mapema, kwa sababu mkutano wetu ukiitwa saa tatu akidi inafika saa tano na nusu baada ya kubembelezana. Siku hiyo saa tatu kamili ukumbi umejaa, kina mama wa omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Dunga wako mstari wa mbele, watu wa mitumba wa Kibuye wamefunga vibanda, na kila mtu ameshika simu. Nikajua ni gawio. Nikajua ni soda.

Maombi, utambulisho, afisa wa ushirika wa kaunti akasalimia, kisha "karani atusomee kumbukumbu". Nikasimama na karatasi yangu safi, maiki mkononi, sauti ya mtangazaji wa redio. Ajenda ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne: "Mikopo. Wanachama waliombwa walipe kwa wakati. Ajenda ya tano..."

"Umeruka."

Ni mama mmoja wa mbele. Nikatabasamu, nikamwambia mama sijaruka.

"Umeruka, kijana yangu. Pale kwa Atieno."

Hapa wacha niende polepole kwa sababu na mimi ilienda polepole. Jasho lilianzia shingoni, likateremka mgongoni likihesabu mifupa. Akili ikaniambia tulia, hii ni Kisumu, ukitupa jiwe linaangukia Atieno, labda ni memba wa kawaida ana shida yake. Nikauliza kwa maiki, "Atieno yupi?"

Ukumbi mzima: "WA LAKI NNE!"

Yule mama akainuka, akaja hadi mbele bila haraka yoyote, akaniwekea simu mkononi, kioo kimepasuka pembeni. "Mimi miwani nimesahau. Tusomee." Nikaangalia. Sura yangu yote, nyeusi tititi. Na nikasoma. Mnaniuliza kwa nini nilisoma, sijui, mtu ukiwa na maiki na uambiwe soma, unasoma. Na kwa ile sauti ya ajenda: "Mwenyekiti akavua kofia yake ya kijani, akamshika Atieno mkono, akasema, wadhamini ni wa watu maskini. Macho ya Atieno yaking'aa kama omena juani..."

"Omena mbichi ama kavu?" akauliza mama.

"Eh?"

"Bei si moja."

Watu wakapiga makofi. Yawa, nimeomba maoni ya wasomaji miaka yote hii na ndio nilikuwa nimeyapata.

Halafu mzee mmoja akainua mkono, yatokanayo. "Bwana mwenyekiti, huyu Atieno ni memba namba ngapi?" Mwingine hakungoja hata apewe nafasi: "Mimi niliomba elfu thelathini nikaambiwa nilete watu watatu wa kunidhamini, huyu alileta nani?" Afisa wa ushirika akafungua kalamu. Mwenyekiti alikuwa anajipangusa uso na programu ya mkutano. Na pale safu ya tatu akasimama mama mmoja ametulia kabisa, mkewe, naye ni memba, akasema, "Mimi pia nauliza. Atieno ni nani?"

Nikapiga kelele, "Ni riwaya!"

"Riwaya ni wapi," mtu akauliza kutoka nyuma, "ni Seme ama Nyakach?"

Ndio nikakaa.

Yaliyofuata ni machache. Kumbukumbu zilithibitishwa, naapa, mtu akapendekeza mwingine akaunga mkono, na Atieno wakampitisha humohumo. Barua ya kujieleza nimepewa. Dawati langu limegeuzwa, skrini sasa inaangalia mlango wa bosi. Soda ziliisha kabla hazijanifikia. Kamati ya usimamizi imeomba faili zote za mikopo, na mama wa omena ananipigia kila jioni kuuliza sura ya pili iko wapi.

Lakini mkutano ulipoisha mwenyekiti aliniita nyuma ya ukumbi, karibu na matangi ya maji. Nikajua leo napigwa. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia.

"Kijana yangu, nani alikuambia?"

Nikasema mzee, hakuna mtu, nimetunga.

"Hata laki nne?"

"Hata laki nne."

Akavua kofia, akajikuna kichwa muda mrefu. "Basi kwa hiyo sura ya pili," akasema, "mwandikie alipe. Hata kama ni kidogokidogo."